Mabua Ndani ya Ukuta

Mgeni akifika Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, macho yake hupokewa na mawe. Kuta zimesimama bila udongo wala chokaa ya kuzishikanisha. Nyingine zimepanda hadi mita nne na nusu, na unene wake ni kama mita moja. Malango ni mafupi, na mtu mzima sharti ainame ndipo apite. Ngome hiyo inakadiriwa kujengwa katika karne ya 16. Serikali ya Kenya iliitangaza kuwa turathi ya taifa mwaka 1981, na mwaka 2018 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Akishaingia ndani, mgeni huanza kutafuta nyumba. Hazipo. Kilichobaki ni miduara iliyobonyea ardhini, imeota nyasi, na ukiitazama kwa haraka utadhani ni mahali ng'ombe walipozoea kulala.

Lakini watu hawakulala ndani ya mawe. Mawe yaliwazuia wanyama wakali na wezi wa mifugo. Watu walilala katika nyumba za miti, fito, udongo na nyasi. Humo walipika, humo walizaa, humo waliuguza wagonjwa wao. Waliotangulia walikuwa jamii zenye asili ya Kibantu, kisha Waluo wakaja, wakazikuta kuta na kuzitunza. Walipoondoka kwa mara ya mwisho, mwanzoni mwa karne ya 20, mchwa walikula nguzo na mvua ikayeyusha udongo. Ukuta uliokuwa na samadi na nyasi zilizokatwakatwa ndani yake ukarudi kuwa shamba.

Historia ya ujenzi ya Nyanza Kusini husimuliwa kwa mawe kwa kuwa mawe ndiyo yaliyobaki. Ni masimulizi ya haki, ila yana pengo kubwa. Leo wahandisi wa vyuo vikuu katika mabara kadhaa wanachanganya mabaki ya mazao na saruji au chokaa ili wapate zege jepesi linalozuia joto, na kazi yao huandikwa kana kwamba wazo lenyewe limezaliwa maabarani. Katika Migori na Homa Bay wazo hilo lina ukoo. Liliishi ndani ya zile kuta zilizoyeyuka, na waliolibeba mikononi mwao kutoka kizazi hadi kizazi walikuwa wanawake.

Mgawanyo wa kazi katika ujenzi wa nyumba ya Kiluo unajulikana vizuri. Mwanamume aliyekuwa akianzisha boma lake, yaani dala, alitoka na mwanawe wa kwanza na mkewe wa kwanza, wakiwa na jogoo na shoka, chini ya uangalizi wa baba au mzee wa ukoo. Wanaume walikata miti, wakachimbia nguzo, wakafunga fito, wakaezeka nyasi. Ukuta ulipofika hatua ya kukandikwa, wanawake waliingia kazini. Kwa Dholuo kazi hiyo ya kukandika huitwa muono, na ilihitaji akili ya vipimo isiyoandikwa popote.

Udongo mtupu una kasoro mbili: ukikauka husinyaa na kupasuka, na ukilowa hulainika. Mkandikaji alizijua kasoro hizo kwa vidole vyake. Alichagua udongo wa kichuguu kwa sababu mchwa wameusaga ukawa laini na wenye kunata. Akautia maji, akatupia nyasi kavu zilizokatwakatwa, makapi yaliyopepetwa kutoka kwenye mtama na wimbi, vipande vya mabua, na samadi mbichi. Mchanganyiko ukakanyagwa kwa miguu hadi ukaiva. Mara nyingine uliachwa ulale ili nyasi zilainike na kuushika udongo vizuri. Tabaka la mwisho, lile la kusiriba, liliongezwa samadi zaidi na majivu, likapakwa kwa kiganja kilicho wazi, na alama za vidole zikabaki ukutani kama saini ya mwenye nyumba.

Inafaa kusimama kidogo hapo kwenye samadi, kwa kuwa wageni wengi wa karne iliyopita waliiona kuwa uchafu tu. Samadi ya ng'ombe ni majani na mabua yaliyokwisha kutafunwa, kucheuliwa na kusagwa katika tumbo la mnyama lenye vyumba vinne, yakabaki nyuzi fupi ambazo tumbo limeshindwa kuziyeyusha, zikiwa zimeloweshwa utelezi unaonata. Hakuna mashine kijijini ambayo ingekata mabua kwa ulinganifu kama ule. Ndani ya ukuta, kila uzi hukatiza ufa unaotaka kufunguka, na kila kipande cha bua hubeba hewa ndani yake. Hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Ndiyo maana mtu aliyetoka jua la mchana la kando ya Ziwa Victoria akaingia katika nyumba ya udongo na nyasi alihisi tofauti shingoni kabla hata hajaketi.

Ghala la nafaka, dero, lilifuata kanuni hiyohiyo kwa wepesi zaidi. Lilisukwa kwa fito kama kapu kubwa, likainuliwa juu ya mawe au miti, na mara nyingi likasiribwa kwa samadi. Nafaka ilihifadhiwa ndani ya chombo ambacho nacho kilikuwa kimepakwa mabaki ya malisho.

Pwani mambo yalikwenda njia nyingine. Waswahili wa Lamu, Gedi na Kilwa walikuwa na matumbawe, na walijua kuyachoma tanurini yakawa chokaa. Tumbawe lenyewe limejaa vitundu. Likikatwa likiwa bichi kutoka baharini huchongeka kwa urahisi, kisha hukauka likawa gumu na jepesi kuliko mawe mengi. Warumi nao, walipojenga kuba la Pantheon karibu na mwaka 126, walitia jiwe jepesi la volkano katika zege la sehemu za juu ili kuba lisielemewe na uzito wake. Kila mahali mjenzi alitafuta kitu chenye hewa ndani yake kutoka katika kile kilichokuwa karibu: Roma ilikuwa na volkano, Lamu bahari, na Nyanza Kusini shamba na zizi.

Kilichokuja kuuondoa mtama na mabua ukutani kilipitia ziwani. Reli ilifika Kisumu mwezi Desemba 1901, na miaka michache baadaye meli za mvuke zilikuwa zikizunguka ziwa na kutia nanga katika bandari ndogo za kusini: Kendu Bay, Homa Bay, Karungu. Karungu ndiko Waingereza walikoweka kituo chao cha utawala wa eneo hilo kabla ya kukihamishia Kisii. Mwaka 1906 wamishonari wa Kiadventista, Arthur Carscallen kutoka Kanada na Peter Nyambo kutoka Malawi ya leo, walianzisha misheni yao katika kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay. Wafanyabiashara wa Kihindi wakafungua maduka. Pamoja na nguo, chumvi na majembe, meli zilileta mabati.

Bati ni kitu kilichonyooka, na nyumba ya Kiluo ilikuwa ya mviringo. Hilo pekee lilitosha kubadili umbo la kijiji. Huwezi kuezeka paa la pia kwa mabati marefu bila kuyakatakata na kupoteza nusu yake, kwa hiyo nyumba zikaanza kuwa na pembe nne. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa imeanza kutoza kodi ya nyumba, ikihesabu paa moja baada ya jingine. Katika boma ambalo kila mke alikuwa na nyumba yake, hesabu hiyo iliumiza. Misheni na shule zilifundisha kwamba nyumba ya pembe nne yenye madirisha ndiyo nyumba ya mtu aliyestaarabika. Nyasi zilihusishwa na panya na maradhi, na mabati yakahusishwa na mshahara.

Bati lina faida za kweli, na si haki kuzipuuza. Halishiki moto kama nyasi, halihitaji kubadilishwa kila baada ya misimu kadhaa, na huvuna maji safi ya mvua, jambo ambalo mwanamke anayechota maji mbali hawezi kulidharau. Hasara yake ni moja, nayo ni kubwa: saa saba mchana, chini ya bati tupu, nyumba hugeuka kuwa kikaango. Usiku likipoa hupoa mara moja, na baridi ya alfajiri hushuka juu ya mtoto aliyelala. Paa la nyasi lilikuwa kihami joto chenye unene wa kiganja na zaidi, na lilipoondolewa hakuna kilichowekwa mahali pake.

Ukuta ulifuata. Saruji ilikuwa ya mbali na ya gharama mwanzoni, ikitoka ng'ambo. Kampuni ya East African Portland Cement ilianza mwaka 1933 kwa kusaga malighafi iliyoagizwa kutoka Uingereza, na kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kikaanza uzalishaji mwaka 1954. Kadiri mifuko ilivyozidi kufika madukani, ndivyo nyumba ya aina mpya ilivyozidi kuonekana katika vijiji vya Rachuonyo, Ndhiwa, Rongo na Nyatike: miti na udongo ndani, lipu ya saruji nje, mabati juu. Wenyeji huiita semi-pamanenti. Ni nyumba ya watu walioelewa vizuri kabisa uwezo wa mifuko yao, na haistahili dharau inayopewa na wapangaji wa miji. Lakini ndani yake mna ugomvi wa kimaumbile. Udongo hupanuka na kusinyaa kwa unyevu, saruji haikubali. Baada ya misimu michache nyufa hutokea, maji hupenya nyuma ya lipu, udongo hulainika gizani, na siku moja kipande kizima cha lipu huanguka kikiwa na umbo la ramani.

Mabadiliko hayo yalihamisha pia umiliki wa ujuzi. Kukandika kulikuwa kwa mwanamke, na vipimo vilikuwa vyake. Alirekebisha ukuta wake mwenyewe kila mwaka kwa malighafi asiyoinunua. Lipu ya saruji ilikuja na mwiko, ndoo, mchanga wa kununua na fundi wa kulipwa, na fundi huyo karibu kila mara alikuwa mwanamume aliyejifunza kazi mjini. Kile alichokijua mkandikaji, kwamba ukuta hunufaika ukipewa kitu chepesi chenye nyuzi, hakikuhamia kwenye kanuni za saruji. Fundi alifundishwa mchanga, balasti na maji. Mabua yakawa takataka.

Na takataka ziliongezeka. Kampuni ya sukari ya Nyanza Kusini, inayojulikana kwa jina la SONY, iliundwa mwaka 1976, na kiwanda chake cha Awendo kikaanza kusaga miwa mwaka 1979. Huko Ndhiwa, upande wa Homa Bay, kiwanda cha Sukari Industries kilifuata zaidi ya miaka 30 baadaye. Kabla ya viwanda hivyo na hata baada yake, wakamuaji wadogo wa sukari guru walikuwa wakianika makapi ya miwa juani na kuyachoma chini ya sufuria zao. Tani moja ya miwa inapokamuliwa huacha takriban kilo 300 za makapi, nusu yake ikiwa ni maji. Trela moja la tani kumi linalopita barabara ya Awendo, basi, lina karibu tani tatu za makapi yanayosubiri kuzaliwa. Magharibi zaidi, katika mradi wa unyunyiziaji wa Lower Kuja huko Nyatike, mpunga unapokobolewa moja ya tano ya uzito wake hubaki kama kumvi: gunia la kilo 90 la mpunga huacha kilo 18 hivi za maganda. Ongeza maganda ya karanga za Ndhiwa, magunzi ya mahindi ya kila boma, na mabua ya mtama.

Wakati Nyanza Kusini ilipokuwa ikiondoa mabaki ya shamba ukutani, wengine duniani walikuwa wakiyaingiza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, huko Louisiana nchini Marekani, kampuni ya Celotex ilianza kugandamiza makapi ya miwa kuwa mbao za kuhami nyumba, zikauzwa nchi nzima. Mwaka 1986 huko Nogent-sur-Seine, Ufaransa, mjenzi Charles Rasetti alijaribu kukarabati nyumba ya kale ya miti na udongo iitwayo Maison de la Turque kwa kuchanganya chokaa na vipande vya ubua wa katani ya kizungu, mmea wa jamii ya bangi unaolimwa kwa ajili ya nyuzi. Ukarabati huo unahesabiwa kuwa mwanzo wa zege la mimea la Ulaya ya sasa. Sababu aliyokuwa nayo ingeeleweka mara moja Rongo au Oyugis: saruji ngumu ilikuwa ikiharibu ukuta wa udongo, na alihitaji kitu kinachopumua pamoja nao.

Kaskazini mwa Ureno, Jorge Pinto na wenzake wa chuo kikuu cha Vila Real walikuta magunzi ya mahindi ndani ya kuta za zamani za vijiji vya huko, kuta za fito na udongo ziitwazo tabique. Mwaka 2012 walichapisha majaribio yao ya zege jepesi ambalo kokoto yake ni magunzi yaliyosagwa. Na mwaka 2023 Chuo Kikuu cha East London, pamoja na wasanifu wa Grimshaw, walionyesha matofali ya makapi ya miwa waliyoyaita Sugarcrete, si mbali na kiwanda cha sukari cha Tate & Lyle kando ya mto Thames. Miwa hailimwi London. Inalimwa Awendo.

Afrika Mashariki ilikuwa na sura yake katika hadithi hii, na ni sura inayopaswa kukumbukwa kwa makini. Katika miaka ya 1980 mafundi na mashirika ya maendeleo nchini Kenya walijaribu kutengeneza vigae na mabamba ya kuezekea kwa saruji iliyotiwa nyuzi za katani, mkonge wenyewe wa mashamba ya Kenya na Tanzania. Lengo lilikuwa kumpa mwananchi paa lisilo na joto wala kelele za bati. Mabamba yalipotoka kwenye kalibu yalikuwa imara. Baada ya miaka michache baadhi yakaanza kuvunjika kama biskuti.

Sababu ilikuwa tayari imechunguzwa katika utafiti wa Uswidi uliofanywa kwa ushirikiano na Watanzania, na mtafiti Hans-Erik Gram akachapisha matokeo yake mwaka 1983. Saruji ikiwa na maji vinyweleoni mwake ni kali kama magadi makali, kali kuliko majivu. Ukali huo huyeyusha gundi inayounganisha chembe za uzi wa mkonge, na uzi hubaki umbo tupu lisilo na nguvu. Jua na mvua za tropiki huharakisha uharibifu huo, kwa kuwa kila mvua huingiza maji na kila jua huyavuta nje. Watengenezaji wengi wakaachana na nyuzi, wakapunguza ukubwa wa kigae, na kubaki na mchanga na saruji tu.

Somo la mkonge liliwakatisha wengi tamaa, lakini wasomaji wake walilichukua vibaya kidogo. Uzi ulishindwa kwa sababu ulipewa kazi ya kubeba mzigo: ulitegemewa kuzuia bamba jembamba lisivunjike. Katika zege jepesi la kuzuia joto mabaki ya mmea hupewa kazi nyingine, ile ya kushikilia hewa na kujaza nafasi. Hata yakidhoofika, tundu lililoachwa hubaki tundu. Ni kazi ya kokoto, na katika ukuta wa Thimlich kuna mfano wa kale wa fikra hiyo: nyuso mbili za mawe makubwa, nje na ndani, na katikati yake mawe madogo yaliyojazwa ili kuzishikanisha. Kila sehemu ya ukuta ina kazi yake, na hakuna jiwe linaloombwa kufanya kazi ya lingine.

Tofauti ya uzito ni ya kushangaza. Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida ina kilo 2,400 hivi, sawa na mifuko 48 ya saruji. Zege la Kifaransa la ubua na chokaa lina kilo kati ya 300 na 500, yaani mifuko sita hadi kumi, na hupitisha joto chini ya moja ya kumi ya lile la kawaida. Gharama ya wepesi huo ni udhaifu. Halibebi ghorofa, halibebi hata paa zito. Hujaza fremu ya miti au ya nguzo za zege, hulalia juu ya dari, hufunika ukuta unaopigwa na jua la magharibi. Kwa nyumba ya kando ya ziwa yenye bati tupu juu, hapo darini ndipo lingefanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote.

Awendo, hata hivyo, ina tatizo ambalo Nogent-sur-Seine haikulijua kwa ukali uleule. Makapi ya miwa yana sukari, na sukari ni adui wa saruji. Mfuko wa kilo 50 ukichanganywa na gramu 25 tu za sukari, vijiko vichache vya chai, kuganda kwake huchelewa kwa muda wa saa nne hivi. Gramu 100 au zaidi zinaweza kuizuia isigande kabisa. Madereva wa malori ya zege hulijua jambo hilo kwa manufaa yao: gari likikwama na zege likaanza kukakamaa ndani ya pipa, sukari hutupwa humo kuliokoa pipa. Kwa hiyo makapi yanayotoka kinuni hayawezi kwenda moja kwa moja kwenye kalibu. Sharti yaloweshwe, yasuuzwe, au yachemshwe; njia nyingine ni kuyapitisha katika maji ya chokaa ili chokaa iyavike. Kumvi za mpunga zina nafuu katika hilo kwa kuwa sukari yake ni kidogo, ila uso wake wenye nta na silika hukataa kushikwa na saruji. Magunzi hufyonza maji kama sifongo na kuinyima saruji maji inayoyahitaji, hivyo hutakiwa kuloweshwa kabla.

Na neno "mabaki" lenyewe linahitaji uangalifu. Makapi ya Awendo huchomwa katika matanuri ya kiwanda ili kupata mvuke. Mabua ya mtama huliwa na ng'ombe wakati wa kiangazi. Magunzi ni kuni za maskini, na mwanamke aliyeyarundika nyuma ya jikoni lake hakuyatupa. Mtu akija kijijini Karachuonyo kununua magunzi ya kutengenezea matofali, atakuwa ananunua moto wa uji wa mtu. Kumvi ndizo zilizo huru zaidi: ng'ombe hafaidiki nazo, haziwaki vizuri, hazikubali kuoza, na kando ya mashine za kukoboa hurundikana hadi mtu azichome kuziondoa.

Chokaa nayo haiko mbali kama inavyodhaniwa. Mlima Homa, unaosimama juu ya rasi inayobeba jina lake, ni volkano ya kale ya aina adimu, ambayo lava yake ilikuwa na kaboneti badala ya silika. Mwamba wake una madini yaleyale ya jiwe la chokaa. Aina hiyohiyo ya mwamba huchomwa kuwa chokaa huko Koru, upande wa pili wa ghuba. Waliojenga kwa udongo na samadi chini ya mlima huo walikuwa wakiishi juu ya chokaa kwa karne kadhaa, na hapakuwa na jambo lililowasukuma kuuchoma mlima wakati zizi liliwapa gundi bila moto.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, zenye watu zaidi ya milioni 2.2 kwa hesabu ya sensa ya 2019, bado wako wanawake wanaokandika. Hukandika jikoni, hukandika simba, yaani kibanda cha kijana aliyebalehe, hukandika nyumba ya bibi ambaye hataki kuhama. Mkono wao unajua mambo ambayo mwongozo wa maabara huyaeleza kwa kurasa nyingi: kwamba nyuzi zikizidi mchanganyiko hausimami, zikipungua unapasuka, kwamba majani mabichi huoza na yaliyokauka hudumu, kwamba mchanganyiko uliolala usiku si sawa na uliokandwa sasa hivi. Mtu anayetaka kutia kumvi za Kuja katika saruji na chokaa angepata faida akianza kwa kuketi na mmoja wao wakati wa kusiriba, kabla hajafungua mfuko wa kwanza.

Kipimo cha kujua kama makapi yamesafishwa vya kutosha, kwa bahati nzuri, hakihitaji maabara. Chukua konzi ya makapi yaliyosuuzwa, changanya na saruji na maji kidogo, ufinyange donge la ukubwa wa ngumi, kisha uliweke kivulini. Kesho yake, muda uleule, libonyeze kwa kidole gumba. Likiwa gumu, kazi inaweza kuanza. Likibonyea, makapi yanarudi majini.